ALIYEFUNGA NDIYE ABEBE

Mzazi amnunuliapo mtoto wake mwanasesere hununua vitu viwili: mwanasesere mwenyewe na vazi la safari yake. Kuna sanduku la karatasi ngumu, dirisha la plastiki, vifuko, na vile vijiwaya vinavyomfunga shingo na miguu. Mwanasesere huenda akakaa mwaka. Sanduku halimalizi saa moja. Twauliza: baada ya saa hiyo, mzigo huu ni wa nani?

Wenye viwanda wakubwa wameanza kujibu. Mwezi wa Agosti 2019, kampuni ya Hasbro ya Marekani ilitangaza kwamba itaondoa karibu plastiki yote katika vifungashio vya bidhaa zake mpya hadi mwisho wa mwaka 2022. Mwaka 2020, LEGO ya Denmark nayo ikasema kwamba vifuko vya plastiki vilivyomo ndani ya masanduku yake vitabadilishwa viwe vya karatasi. Ikaeleza ya kuwa watoto wengi waliiandikia barua kuliomba jambo hilo. Tunawapongeza watoto hao.

Lakini ahadi ni ahadi, na biashara ni biashara. Hasbro ilipotia sanamu zake za Star Wars katika masanduku yasiyo na dirisha, wanunuzi walinung'unika kwamba hawakioni wakinunuacho. Mwaka 2023 kampuni ikarudisha dirisha, ikisema kwamba sasa ni la plastiki itokanayo na mimea, au iliyokwisha kutumika ikatengenezwa upya.

Hapa ndipo wafanyakazi tunapopaswa kufumbua macho. Ile alama ya mishale mitatu iliyochapwa chini ya sanduku haimlazimishi mtu kulikusanya. Karatasi tupu hurudi kiwandani ikawa karatasi tena. Ikigandishwa plastiki kwa gundi, au ikipakwa utando ili ing'ae, hapana budi mtu aketi kuvitenganisha. Na pasipo ujira wa kazi hiyo, vyote viwili huishia jaani. Anayechoma taka hizo, na anayevuta moshi wake, si mwenye kiwanda.

Nchi nyingine zimekwisha kuona. Ujerumani ilitoa kanuni mwaka 1991 kuwataka wenye bidhaa wawajibike kwa vifungashio vyao baada ya kutumika. Kenya nayo iliuweka wajibu huo katika sheria yake ya taka ya mwaka 2022. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tangu tarehe 1 Juni 2019. Lakini marufuku hiyo haikugusa vifungashio vya bidhaa za viwandani, na mwanasesere huja na vazi lake lile lile.

Sisi twasema: sanduku liwe la karatasi tupu, mwanasesere afungwe kwa uzi, na gharama ya kuzikusanya taka hizo imwangukie aliyezitengeneza. Wahenga walinena, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Siku mwenye kiwanda atakapoubeba mwenyewe, ataujua uzito wake, naye ataupunguza bila ya kuombwa.