Soko la ndege za kujiundia: nguvu ya bure yauzwa ghali

SOKO la ndege za kujiundia nchini Marekani lina tabia ambayo muuza vipuri vya magari ataitambua mara moja: bidhaa inayopigiwa debe zaidi siyo inayomrudishia mnunuzi fedha yake. Kila mwishoni mwa Julai chama cha EAA, kilichoanzishwa mwaka 1953, huandaa maonyesho mjini Oshkosh, jimbo la Wisconsin, ambayo miaka ya karibuni yamepokea wageni zaidi ya 600,000 kwa juma moja. Mabandani humo huuzwa vifaa vya kuongeza mwendo: midomo ya kuingizia hewa ya injini, masanduku ya chujio, boneti nyororo za faibaglasi. Wanunuzi wengi si matajiri. Ni watu waliokwisha zamisha akiba ya miaka ndani ya mradi mmoja, na swali lao ni la kawaida kabisa: dola niliyotoa itanirudishia maili ngapi?

Kwanza tueleze soko lenyewe. Sheria ya Marekani inamruhusu mtu kujiundia ndege kwa ajili ya elimu na burudani, mradi sehemu kubwa ya kazi ifanywe na wasio watengenezaji wa biashara. Hawezi kubebea abiria wa kulipa. Lakini anapata kitu ambacho mwenye ndege ya kiwandani hana, yaani uhuru wa kukata boneti yake na kuiunda upya bila kupitia idhini ndefu na ghali ya kila badiliko. Ndiyo maana biashara ya vifaa vya mwendo imestawi hapa. Muuzaji mkubwa wa seti za vipande ni Van's Aircraft wa Oregon, kampuni iliyoanzishwa na Richard VanGrunsven mwaka 1973. Ndege zake zilizokwisha ruka zimepita 10,000.

Sasa tuje kwenye hewa. Ndani ya boneti ya ndege ndogo mna hewa za aina mbili, na anayezichanganya ndiye anayeliwa fedha. Ipo hewa inayovutwa na injini ili ichome mafuta, na ipo hewa inayopita nje ya silinda ili kuzipoza. Injini ya Lycoming ya nguvu farasi 180, ambayo ndiyo ya kawaida katika ndege hizi, ina ujazo wa lita 5.9 na huzunguka mara 2,700 kwa dakika. Kwa ujazo huo nafasi ya kuvutia hewa ni karibu lita 8,000 kila dakika. Ukiisaidia injini kwa kuisukumia hewa hiyo, nguvu inaongezeka. Hapo muuzaji anapoanzia hadithi yake: elekeza mdomo mbele, upepo wa mwendo utajaza injini, nguvu utapata bure.

Hadithi ni ya kweli, ila kipimo chake ni kidogo. Marubani hupima hewa inayoingia kwenye injini kwa inchi za zebaki, kama ya barometa. Usawa wa bahari siku ya kawaida ni inchi 29.92. Ndege ikiruka futi 8,000 hewa imeshuka hadi inchi 22 na kidogo. Kwa mwendo wa maili 200 kwa saa (kilomita 320), upepo wote wa mbele, ukikamatwa bila kupotea hata chembe, unaongeza inchi 1.1 tu. Hiyo ni asilimia 5 ya nguvu.

Asilimia 5 si haba, atasema mfanyabiashara. Lakini ndege hailipi kama duka linavyolipa. Nguvu inayotakiwa huongezeka kwa mwendo mara mwendo mara mwendo. Ukitaka kwenda mara mbili zaidi, unahitaji nguvu mara nane. Kwa hiyo asilimia 5 ya nguvu huleta mwendo zaidi kwa chini ya asilimia 2. Kwenye maili 200 unapata maili tatu. Na hizo ni kama umeondoa kila hasara njiani, chujio likiwemo.

Hapo ndipo wengine hulitupa chujio. Mwenye lori la barabara ya vumbi hahitaji kuelezwa matokeo yake: ringi za pistoni na kuta za silinda husagika. Injini hii imepangiwa saa 2,000 kabla ya kufunguliwa yote, na kazi hiyo ni makumi ya maelfu ya dola. Wapo wanaoweka mlango wa kupitisha hewa pembeni ya chujio, ukafunguliwa juu kwenye hewa safi na kufungwa karibu na ardhi. Hilo ni jambo la akili. Na mlango wa akiba hauna mjadala kwa vyovyote, maana chujio linaweza kuziba kwa barafu angani, na koo la kabureta huganda barafu hata siku isiyo ya baridi. Injini isiyo na njia ya pili ya hewa, au isiyoweza kuvuta hewa iliyopashwa na bomba la ekzosi, haifai kununuliwa kwa bei yoyote.

Faida kubwa imelala kwenye hewa ya pili, ile ya kupoza, ambayo mabandani haina mashabiki. Hewa hiyo huingia kwa matundu mawili mbele, kushoto na kulia kwa propela. Ikiingia inapunguzwa mwendo, na inapopungua mwendo presha yake inapanda juu ya silinda. Presha hiyo ndiyo inayoishusha katikati ya mapezi ya silinda, ikatoka chini na joto lake. Kuta za bati pamoja na vipande vya mpira wa silikoni huziba nafasi kati ya injini na boneti ili hewa isipate njia ya mkato.

Mpira ukikunjika, hewa inapenya pembeni. Haikupoza kitu, lakini ndege imekwisha ilipia, kwa sababu imeisimamisha na kuiburura. Mwenye ndege akiona geji ya joto imepanda, haraka yake ni kupanua matundu ya mbele. Sasa anaburura hewa nyingi zaidi na bado silinda ni za moto. Nimeona watu wazima wenye elimu wakifanya hesabu hii kinyume, na ni kosa lilelile la mwenye duka anayeagiza mzigo zaidi wakati ghala linavuja.

Anayeziba mivujo kwanza anaweza baadaye kupunguza matundu ya kuingilia na ya kutokea, na boneti ikawa nyororo zaidi. Katika ndege iliyofungwa vibaya, kupoza injini peke yake kunaweza kula sehemu moja ya kumi ya ukinzani wote wa hewa, au zaidi. Ukiiokoa sehemu hiyo moja ya kumi, kwenye maili 200 unapata maili saba. Ni sawa na kung'oa injini ya nguvu farasi 180 na kuweka ya 200. Mpira wa silikoni ni makumi ya dola.

Jambo hili si geni. Mwaka 1928 maabara ya serikali ya Marekani, NACA, huko Langley, chini ya mhandisi Fred Weick, ilitoa boneti mpya ya injini za duara. Februari 1929 Frank Hawks aliifunga kwenye Lockheed Air Express na kuvuka Marekani kutoka Los Angeles hadi New York. Kwa injini ileile, mwendo wa juu wa ndege hiyo ulipanda kutoka maili 157 hadi 177. Kuupata mwendo huo kwa kuongeza injini kungetaka nguvu zaidi kwa asilimia 40 na ushei. Na mwaka 1992 Mike Arnold wa California, na ndege yake AR-5 ya kiti kimoja aliyoiunda mwenyewe, aliweka rekodi ya maili 213 kwa saa katika daraja la ndege zisizozidi kilo 300. Injini yake ilikuwa Rotax ya nguvu farasi 65. Cessna 172 ya nguvu farasi 160, kweli ikiwa na viti vinne, huenda kama maili 140.

Tahadhari moja kwa anayenunua boneti nyororo iliyo tayari. Matundu madogo bila kuta zilizozibwa sawasawa ni hasara. Lycoming huruhusu vichwa vya silinda vifike nyuzi 260 za Selsiasi, lakini mwenye kutunza injini hujitahidi asipite 204. Silinda moja mpya ni zaidi ya dola 1,000, nazo ziko nne.

Tukirudi sokoni, Desemba 2023 Van's Aircraft iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai, baada ya gharama kupanda na tatizo la vipande vilivyotobolewa kwa leza. Wateja waliokuwa na amana walitakiwa kukubali bei mpya ili wapate mizigo yao. Kampuni ilitoka kwenye kinga hiyo mwaka 2024 na inaendelea kuuza. Tangu hapo anayetaka kuingia kwa bei nafuu huangalia miradi iliyokwama na ndege za mitumba. Ukifika kuikagua, acha rangi. Omba boneti ifunguliwe, pitisha kidole kwenye mpira wote wa kuziba, tazama alama za msuguano zinazoonyesha unagusa boneti au haugusi, kisha omba kumbukumbu za geji za silinda zote nne wakati wa kupanda siku ya joto. Silinda moja ikiwa moto kuliko wenzake kwa nyuzi nyingi, punguza bei hapo hapo.