Mvua ya Wastani ni Mvua ya Kiasi Gani?

Kila mwaka msimu wa mvua unapokaribia, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa utabiri kwa mikoa inayopata msimu mmoja wa mvua kwa mwaka, kuanzia Novemba hadi Aprili. Njombe ni miongoni mwa mikoa hiyo. Wakazi wa Mjimwema husikia redioni kwamba mvua zitakuwa za wastani, juu ya wastani au chini ya wastani, na kabla jua halijachwa maneno hayo yamekwisha kufika sokoni yakiwa yamebadilika maana. Muuza mahindi husema njaa inakuja, nunueni sasa. Muuza mbegu husema mvua zitakatika mapema, chukueni mbegu ya muda mfupi. Kwa kuwa fedha za kaya hutumika kwa kutegemea maneno hayo, tumeona vema tuyaeleze.

Wastani unaotajwa ni wastani wa muda mrefu. Hupatikana kwa kujumlisha mvua iliyopimwa mahali fulani kwa miaka 30, kisha kuigawanya kwa idadi ya miaka hiyo. Kipindi kinachotumika kimataifa kwa sasa ni 1991 hadi 2020. Kabla yake kilikuwa 1981 hadi 2010. Mzee anayesema kwamba mvua za siku hizi si kama za utotoni mwake huenda hajakosea, ila utoto wake haumo katika kipimo hicho.

Mvua huhesabiwa kuwa ya wastani ikiwa kati ya asilimia 75 na asilimia 125 ya wastani huo. Tunamwomba mlaji auangalie vizuri upana wa kipimo hiki. Msimu wenye asilimia 76 na msimu wenye asilimia 124 yote huitwa ya wastani, ingawa wa pili umepata zaidi ya mara moja na nusu ya mvua ya wa kwanza.

Jina la Mjimwema lenyewe linatupa mfano, kwa kuwa mkoani Njombe kata zenye jina hilo ni mbili: moja Njombe mjini, nyingine Makambako, umbali wa takriban kilomita 60 kwa barabara. Njombe iko juu zaidi na hupata mvua nyingi kuliko Makambako. Tuchukue tarakimu za mfano tu, ambazo si za kituo chochote: mahali pa kwanza wastani wa msimu uwe milimita 1,000, pa pili milimita 700. Zikinyesha milimita 700 kila mahali, pa kwanza pamepata asilimia 70, yaani chini ya wastani. Pa pili pamepata wastani kamili. Mvua ni ile ile, majina mawili. Kwa hiyo habari ya wilaya nyingine haitoshi kumwongoza mtu kununua.

(Katika nchi zenye theluji, theluji huyeyushwa na kupimwa kama maji, kisha hujumlishwa na mvua. Kwetu weupe unaoonekana majanini alfajiri za Juni na Julai ni sakitu, ambayo watu wengi huiita barafu. Haiingii katika hesabu ya msimu.)

Jambo linalowagharimu watu zaidi ni mtawanyiko. Jumla ya msimu inaweza kuwa ya wastani huku mahindi yakikauka shambani, endapo mvua nyingi imenyesha kwa siku chache, kisha jua likawaka wiki tatu mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Kinyume chake, mvua ya juu ya wastani si baraka kwa kila zao: viazi mviringo hushambuliwa na ukungu katika unyevu wa muda mrefu, na gharama ya dawa hupanda. Kwa sababu hiyo, usiishie kwenye neno la kwanza la utabiri. Tafuta sehemu inayotaja mvua zinatarajiwa kuanza lini, kuisha lini, na kama kuna vipindi virefu vya ukavu. Mbegu ya muda mfupi huchaguliwa kwa tarehe hizo. Kumbuka pia kwamba utabiri ni uwezekano, wala si ahadi.

Bei ya chakula nayo haitegemei mvua ya hapa peke yake. Mchele wa Usangu hutegemea mito inayoshuka kutoka nyanda hizi hizi za juu, na maharage ya sokoni huenda yametoka mkoa mwingine kabisa. Anayepandisha bei kwa kisingizio cha mvua aulizwe: mvua ya wapi, na ya mwezi gani?

Milimita zina faida nyingine kwa anayetaka kununua tangi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa linalofunika mita za mraba 50 likinyeshewa milimita 20 hukusanya hadi lita 1,000, ukipunguza yanayomwagika nje ya mfereji. Pima eneo la ardhi linalofunikwa na paa, si urefu wa bati kwenye mteremko. Ukishajua lita zinazoingia, hesabu zinazotumika nyumbani kwa siku, kisha zidisha kwa siku za Mei hadi Oktoba, maana tangi litahitajika zaidi katika miezi hiyo.