Kisima cha Gede na Tope la Chala

Mgeni wa Gede, karibu na Watamu, huonyeshwa kwanza jumba la mfalme: malango ya tao, nyua za kusikilizia mashauri, vyoo na mifereji yake. Mwanaakiolojia James Kirkman alilifukua kuanzia 1948, na mji huu uliotoa kaure za China uliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2024. Mimi ningemtuma mgeni kwanza kwenye kisima cha Msikiti Mkuu. Wenyeji walikichimba, kisha wakarudi kukiongeza kina.

Gede imekaa juu ya mwamba wa matumbawe wenye vitundu. Maji ya mvua hupenya humo na, kwa kuwa ni mepesi, huelea juu ya maji ya bahari yaliyojipenyeza chini. Mvua ikipungua, tabaka la maji matamu hukonda. Mchimbaji hulifuata chini, na akizidi hukutana na chumvi.

Mvua za enzi za Gede zimeacha kumbukumbu moja kwa moja magharibi, kilomita 250 hivi, kwenye mpaka wa Kenya na Tanzania karibu na Taveta. Ziwa Chala limejaa ndani ya shimo la volkano chini ya Kilimanjaro, na kina chake kinakaribia mita 90. Chini kabisa hakuna oksijeni, kwa hiyo hakuna mdudu wa kuvuruga tope. Kipupwe kinapovuma, maji huchanganyika, diatomu (mwani mdogo mno wenye maganda kama kioo) huzaana, hufa, huzama na kuacha utando mweupe. Miezi ya joto huacha utando mweusi. Mwaka mmoja, jozi moja, chini kidogo ya milimita. Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Dirk Verschuren wa Chuo Kikuu cha Ghent walitoboa zaidi ya mita 200 za tope hilo, historia ya miaka 250,000 hivi.

Tope la Ziwa Naivasha lilikwisha kuonyesha ukame kati ya 1560 na 1620 hivi, na Gede ilihamwa mwanzoni mwa karne ya 17. Inashawishi kuyaunganisha mawili hayo! Lakini wapiganaji wa Wazimba walifika Malindi 1589, mfalme wa Malindi akahamia Mombasa na Wareno miaka michache baadaye, na Waoromo walikuwa wakisukuma kutoka kaskazini. Tena kisima huweza kukauka kwa wingi wa ndoo tu. Naivasha nayo iko juu katika Bonde la Ufa. Kwa mvua itokayo Bahari ya Hindi, Chala ni shahidi wa karibu zaidi.

Ugumu uko kwenye saa. Vyumba vya jumba hupewa umri kwa vigae, navyo huweza kukosea kwa miaka 50. Tope la Chala huhesabiwa mwaka kwa mwaka. Kaburi moja la Gede lina tarehe iliyochongwa, 802 Hijria, yaani 1399. Laiti fundi aliyeongeza kina cha kisima naye angechonga yake.