Waya wa Kioo: Namna Gani Wanaujaribu Chini ya Udongo

Pengine umeona vijana wanachimba mufereji kando ya barabara na kulaza ndani waya mweusi munene. Usizanie ndani muko shaba. Ni nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, na mazungumzo ya telefone na intaneti yanapita humo kama mwangaza.

Kuchimba ni kazi ya nguvu tu. Kazi ya akili ni kujaribu. Katika kiwanda uzi unalala vizuri. Mu udongo unapindwa pa kona, jiwe linaulalia, vumbi linaingia pa kiungo. Ndiyo sababu kampuni ya Bell ya Marekani ilijaribu kwanza katika kiwanja chake kule Atlanta mwaka 1976, kisha mwaka 1977 ikapitisha nyuzi chini ya barabara za Chicago, karibu kilometa 2 na nusu, na watu wa kila siku wakapigia telefone humo.

Leo fundi anafunga mashini pa mwisho mumoja tu wa waya. Mashini inatupa mwangaza mufupi sana, kisha inangoja. Kioo kinarudisha kidogo, kama vile mulima unavyorudisha sauti. Ndani ya kioo mwangaza unakimbia karibu kilometa 200,000 kwa sekunde moja. Mashini inahesabu wakati wa kwenda na kurudi, inakata nusu, na kuandika mustari unaoshuka polepole. Mushuko mudogo wa gafula ni kiungo kibaya ao kona kali. Mustari ukianguka kabisa pa kilometa 12, uzi umekatika pale. Hapana kuchimba barabara yote! Lakini fundi asikimbilie jembe: mashini inapima urefu wa uzi, si wa njia, na katika mashimo ya viungo walibakisha waya uliozungushwa. Lazima atazame karata.

Mwezi wa 8 mwaka 2023 udongo uliporomoka chini ya bahari, katika korongo la muto Kongo, ukakata WACS, waya unaoingia kwetu Muanda. Ule ni udongo. Na jembe la mutu? Vijana wa mugodi, anayekata uzi wa kioo hapati shaba ya kuuza, na dispanseri inabaki bila telefone.

Ukiukuta umekatika, usichungulie ndani. Mwangaza ule hauonekani, lakini unaweza kuharibu jicho bila uchungu. Fundi mwenyewe anazima mashini mbele ya kutazama kiungo.