Tumebishana Kuhusu Jani, Tumesahau Dawa Inayopuliziwa



Mei 2024 sote twaikumbuka. Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Shariff Nassir, alipiga marufuku muguka kuingizwa na kuuzwa katika kaunti yake. Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Wakulima wa Embu wakalalamika, Mahakama Kuu ya huko Embu ikasimamisha marufuku hiyo, na Rais William Ruto akasema haina nguvu, kwa kuwa miraa na muguka ni mazao yanayotambuliwa na sheria ya nchi. Barazani kwetu watu hawakuwa na habari nyingine kwa wiki nzima.

Mimi nilikuwa upande wa marufuku, na mpaka leo sijahama. Nimeona vijana wa mtaani kwetu walivyoacha skuli kwa sababu ya jani hilo. Lakini leo siandiki kuhusu jani. Naandika kuhusu kile kinachopuliziwa juu ya mazao, nacho sikukifikiria hata siku moja mpaka nilipofika Embu mwenyewe.

Nilikwenda kwa heri. Kijana wetu alipata mchumba upande wa Mbeere, nasi wazee tukafuatana naye kupeleka posa. Tulipokewa kwa ukarimu ambao sitausahau. Hata kuku walituachia tumchinje wenyewe ili tule kwa amani. Asubuhi ya pili nilikuwa nimekaa nje nikimtazama kijana wa jirani akipulizia dawa shambani. Amevaa ndala na fulana, uso wazi, bomba limo mgongoni. Bomba lilikuwa likivuja, fulana imelowa mpaka kiunoni. Nilidhani ni jasho.

Kabla ya adhuhuri tuliitwa mbio. Kijana alikuwa chini ya mwembe, mate yanamtoka kama mtoto mchanga, machozi yanatiririka, jasho jingi, anatapika. Nyama za mkono zilikuwa zikirukaruka zenyewe chini ya ngozi. Mmoja akasema ni malaria. Mama mmoja akaja na kikombe cha maziwa. Mzee wa nyumba ndiye aliyepiga kelele: "Mvueni nguo! Leteni maji na sabuni! Na ile chupa ya dawa msiiache!"

Tulimfikisha hospitali. Mhudumu aliyempokea hakuuliza mengi. Alisoma kibandiko cha chupa, akamfunua macho kwa tochi, akaniita. "Ustadhi, tazama hapa." Mboni zilikuwa zimesinyaa, ndogo kama tundu la sindano. "Hii si malaria. Dawa imefunga kile kinachozima mishipa ya fahamu." Akamchoma sindano, akarudia, akarudia tena. Alhamdulillahi, kijana alipona.

Maneno yale, "kile kinachozima mishipa," nilirudi nayo Mombasa. Nilisomea diploma ya ualimu wa sayansi miaka mingi iliyopita, na jina la kitu hicho nililikariri kwa ajili ya mtihani: asetilikolinesterasi. Nililiandika, nikapata maki, nikalisahau. Leo nataka nikueleze kazi yake kwa lugha ambayo mwalimu wangu hakuitumia.

Mishipa ya fahamu haigusani na misuli moja kwa moja. Baina yake kuna upenyo mdogo mno. Ubongo ukitaka kidole kikunjwe, habari hupita kwenye mshipa kama umeme, ikifika kwenye upenyo haiwezi kuruka. Hapo mshipa hutoa kemikali iitwayo asetilikolini, ambayo huvuka upenyo na kubisha upande wa pili, na msuli hukaza. Nani aligundua kwamba ni kemikali inayovuka? Ni Otto Loewi, mwaka 1921, kwa kutumia mioyo ya vyura. Mwaka 1936 yeye na Mwingereza Henry Dale walipewa Tuzo ya Nobel.

Sasa fikiri kivuko cha Likoni. Feri yafika, abiria washuka, wapanda mteremko, watawanyika. Ndiyo maana feri inayofuata hupata pa kushusha. Je, abiria wa feri ya kwanza wakigoma kuondoka, na ya pili ikashusha, na ya tatu? Gati litajaa mpaka mtu asiweze kunyanyua mguu.

Anayewaondoa abiria kwenye upenyo wa mishipa ndiye huyo asetilikolinesterasi. Ni kimeng'enya, yaani protini yenye kazi maalumu, na kazi yake ni kuikata asetilikolini vipande viwili mara tu inapomaliza kubisha. Kimoja tu huweza kukata maelfu ya chembe za asetilikolini kwa sekunde. Kwa sababu hiyo waweza kukunja kidole na kukikunjua papo hapo, kuandika, kusoma Kurani kwa ulimi mwepesi, kupepesa jicho. Sisi hudhani nguvu ya mwili ni kuanza tendo. Kumbe nusu ya uhai ni kuweza kuliacha tendo likome.

Asetilikolini haiamrishi misuli ya mikono pekee. Ndiyo inayoamrisha mate, machozi, jasho, matumbo, kibofu, mboni ya jicho na makamasi ya mapafu, na huupunguzia moyo kasi. Kimeng'enya kikifungwa, yote hayo huwaka kwa pamoja na hayazimiki. Sasa rudi chini ya ule mwembe umtazame kijana: mate, machozi, jasho, matapishi, mboni ndogo, nyama kurukaruka. Kila alama ina maana yake. Misuli ikichoka kwa kuamrishwa bila kupumzika, hulegea, na misuli ya kupumulia ni mojawapo. Mapafu nayo yamejaa maji. Hivyo ndivyo mtu anavyokufa.

Dawa zinazofunga kimeng'enya hiki ni za jamaa mbili kubwa: oganofosfeti na kabameti. Kabameti hung'ang'ania kwa saa kadhaa kisha huachia. Oganofosfeti ni mbaya zaidi, kwa kuwa zikikaa muda huganda juu ya kimeng'enya moja kwa moja, na mwili hulazimika kutengeneza kingine kipya. Zilianza kutengenezwa Ujerumani miaka ya 1930 na mkemia Gerhard Schrader, aliyekuwa akitafuta dawa ya wadudu, na katika kutafuta huko akapata pia gesi ya vita, tabuni. Sarini, iliyowaua watu katika treni za Tokyo mwaka 1995, ni ya ukoo huohuo. Mdudu ana kimeng'enya kama chetu, kwa hivyo kinachomuua yeye hakituachi sisi.

Na hili si la wanadamu wa viwandani tu. Yule nyoka wa kijani wa kwenye miembe na mikorosho yetu, anayeitwa mamba wa kijani, ndani ya sumu yake mna protini iitwayo fasikulini, inayofunga kimeng'enya hichohicho. Nyoka huyo yupo Pwani, na yupo pia katika milima ya Nyambene huko Meru, palepale inapolimwa miraa. Akionekana, mtaa mzima hutoka na marungu. Dawa ya jamaa hiyo tunaiweka chini ya kitanda katika chupa ya soda.

Ndugu yangu aweza kusema: haya ni ya watu wa bara. Si kweli. Mwaka 1993 na 1994 watafiti walipima damu ya wafanyakazi wa mashamba 666 hapa Kenya, 390 kati yao wakiwa wanaoshughulika na dawa hizi. Wapuliziaji wote walikutwa kimeng'enya chao kimeshuka, kwa wastani wa asilimia 33. Wasiopulizia walishuka asilimia 4 tu. Meru na Embu hazikuwamo katika utafiti ule, lakini Wundanyi ilikuwamo, Taita yetu hii, kwa wakulima wa mboga, na kwao kimeng'enya kilishuka asilimia 33. Wengi wa watu kama hao hawaanguki chini ya mwembe. Huumwa kichwa, huona kiwingu, hukosa nguvu, husema ni uchovu wa kazi, na kesho yake hubeba bomba tena. Kimeng'enya cha kwenye chembe nyekundu za damu hurudi polepole, kadiri chembe mpya zinavyozaliwa, na chembe moja huishi kama siku 120. Anayepulizia kila wiki hampi mwili wake nafasi ya kurudisha.

Tena Meru na Embu ndizo zinazotulisha. Nenda Kongowea alfajiri uone malori ya ndizi, kabichi na viazi kutoka huko. Kila dawa ya shamba ina kibandiko kinachotaja siku za kusubiri kati ya kupulizia na kuvuna. Siku hizo zikiheshimiwa, dawa hupungua nguvu. Zisipoheshimiwa, mlaji hushiriki. Ndizi yamenywa, kabichi yaoshwa na kupikwa. Jani la muguka halimenywi, halioshwi, halipikwi. Huchumwa likiwa bichi na kukimbizwa, kwa sababu kathinoni, kile kinachomchangamsha mlaji, hupungua baada ya siku mbili hivi. Sisemi kila fungu lina sumu. Nasema kwamba anayelila amejiondolea kinga zote tatu ambazo mama yake huzitumia jikoni.

Tusichanganye mambo. Kathinoni yenyewe haigusi kimeng'enya hiki. Hiyo huufanya ubongo umwage dopamini, ndiyo maana mtu huongea sana na halali. Muguka ukimkosesha mtu usingizi, ni jani. Ukimtoa mate na machozi na kusinyaza mboni, usilaumu jani, kimbia hospitali.

Na sifa njema pia tuitaje. Kufunga kimeng'enya hiki kwa kipimo, mikononi mwa daktari, ni tiba. Dawa za jamaa ya neostigimini hutumika kurudisha nguvu za misuli baada ya upasuaji, na wagonjwa wa kusahau uzeeni hupewa donepezili ili asetilikolini kidogo waliyobaki nayo idumu zaidi. Kinachotenganisha tiba na mauti ni kipimo.

Basi tufanyeje? Ukimkuta mtu katika hali niliyoieleza, kwanza mtoe penye dawa. Mvue nguo zote, mwoshe kwa sabuni na maji mengi, kwa kuwa sumu hii hupenya ngozi. Wewe unayemwosha vaa glavu au hata mifuko ya plastiki mikononi. Usimtapishe. Maziwa hayafungui kimeng'enya. Yanaweza tu kumpalia mtu anayetapika. Mpeleke hospitali pamoja na chupa ya dawa. Huko atapewa atropini, inayoziba masikio ya viungo visisikie kelele za asetilikolini, na pengine dawa ya kukibandua kimeng'enya, ambayo hufaa ikiwahi. Wala usimtoroshe kwa kuwa ameamka na kuomba chai. Udhaifu wa kupumua unaweza kurudi baada ya siku moja mpaka nne.

Nyumbani, dawa ya shamba au ya kunguni isiyo na kibandiko usinunue, hata ikiwa rahisi vipi. Usiihamishie kwenye chupa ya kinywaji. Mpuliziaji avae buti, mikono mirefu, glavu na barakoa, asipulizie akielekea upepo, na aoge kabla ya kula.

Kwa wakubwa wa kaunti, za Pwani na za mlimani, nina neno moja. Mlipokwenda mahakamani kila mmoja alitetea watu wake: sisi watoto wetu wanaotafuna, wao wakulima wao wanaouza. Kijana yule mwenye bomba linalovuja hakuwa na wakili upande wowote. Pimeni damu za wapuliziaji kama ilivyopimwa Wundanyi miaka thelathini iliyopita, na pimeni majani kabla hayajapanda gari. Katika hilo Mombasa na Embu hazina sababu ya kugombana.

Harusi ilifungwa salama. Kijana yule alikuja, amevaa shati jeupe, akanisalimu kwa mkono usiotetemeka. Nilimuuliza kama ameacha kazi ile. Akacheka, akasema ameacha ndala.

Wallahu aalam.