Tundu la Jeti na Uzi wa Waya wa Klachi

Pikipiki inawaka asubuhi kwa choki na barabarani inakimbia vizuri, lakini ukifika kwenye taa ukaachia resi, inazima. Fundi atasema kabureta chafu. Huenda ni kweli. Swali ni chafu wapi.

Kabureta huchanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Hewa hupita kwenye koo jembamba. Ikibanwa huenda kasi, na kanieneo yake, yaani nguvu inayosukuma kila kipande cha eneo, hupungua. Chini kuna bakuli la petroli, lenye hewa ya kawaida juu yake. Hewa hiyo ndiyo huisukuma petroli ipande. Tumezoea kusema injini inavuta mafuta, kumbe mafuta husukumwa.

Petroli hupandia kwenye jeti, vipande vya shaba vyenye tundu. Jeti kubwa hulisha injini resi ikifunguliwa sana. Ndogo hulisha kwenye silensa, yaani injini inapozunguka polepole bila resi. Kwa hiyo pikipiki yetu inayokimbia vizuri na kuzima kwenye taa imeshatuonyesha mahali pa kuanzia: jeti ndogo.

Petroli iliyokaa wiki nyingi huacha utando wa kahawia unaonata, na tundu jembamba ndilo huziba kwanza.

Kabla ya kufungua lolote, funga koki na umwage petroli ya bakuli, mbali na moto. Skrubu ya mchanganyiko izungushwe ndani taratibu hadi ikae, ukihesabu mizunguko, ndipo itolewe. Usiilazimishe, ncha yake huharibika. Toa boya na mipira yote, maana dawa ya kusafishia huvimbisha mipira. Loweka jeti, kisha puliza kwa upepo wa kompresa.

Hapa ndipo wengi huchomoa uzi mmoja wa waya wa klachi na kuuchokonoa tunduni. Tupige hesabu. Tundu la milimita 0.40 likikwanguka hadi 0.44, kipenyo kimeongezeka asilimia 10, lakini eneo limeongezeka asilimia 21. Petroli huzidi, plagi hupata masizi, na mwenye pikipiki hulaumu kituo cha mafuta.

Kwa maoni yangu, jeti iliyokataa kuzibuka kwa dawa na upepo ibadilishwe. Iliyozibuka uishike juani: duara la mwanga liwe kamili, bila ukingo uliochanika.