Templeti za tovuti: rahisi inapogeuka ghali

Mwezi Julai mwaka 2023 mama mmoja ninayefahamiana naye, mwenye nyumba ndogo ya wageni huko Bagamoyo, alinipigia simu usiku. Nilimwamkia, hakuitikia. "Mwanangu," alisema, "wewe ni mtu wa habari, hebu nieleze. Mzungu mmoja ameniandikia kwamba alitaka chumba, akafungua tovuti yangu, akapelekwa kwenye vidonge vya nguvu za kiume. Mimi nauza vidonge?"

Nikaifungua tovuti hiyo kwa simu yangu, nikaiona haina kasoro. Bahari ipo, minazi ipo, vyumba vipo na bei zake. Nikadhani mgeni huyo amekosea anwani. Kumbe ndivyo ujanja huo unavyofanya kazi. Anayeandika mwenyewe jina la tovuti huonyeshwa ukurasa wa kawaida. Anayetokea Google baada ya kutafuta ndiye anayegeuzwa njia. Mwenye mali, ambaye jina la tovuti yake analijua kama jina la mwanawe, huwa wa mwisho kupata habari. Na mwezi Julai, kwa mtu wa nyumba ya wageni, ni mwezi wa mavuno.

Tovuti ile ilitengenezwa na mpwa wake, kijana mwerevu tu, kwa malipo ya shilingi laki tatu na nusu. Templeti aliyoitumia, yaani ile sura ya tovuti iliyokwisha kuundwa tayari, huuzwa madukani huko kwenye intaneti kwa makumi ya dola. Yeye aliipata bure mahali fulani. Tuanzie hapo, maana wengi wenye duka, zahanati, shule au kampuni ya kusafirisha mizigo wamejengewa tovuti kwa njia hiyo hiyo bila kujua.

Tovuti nyingi ndogo za siku hizi zinaendeshwa na programu iitwayo WordPress. Ilianzishwa mwaka 2003 na Matt Mullenweg wa Marekani na Mike Little wa Uingereza, inatolewa bure, na leo karibu tovuti nne katika kila kumi duniani zinaitumia. Ifikirie kama basi. WordPress ni chasisi na injini. Templeti ni bodi, ambayo huundwa na mafundi wengine kabisa, kila mmoja kwa ustadi wake. Halafu kuna vikorokoro vinavyofungwa baadaye, redio, feni, mapazia. Hivyo huitwa plagini.

Mfano wa basi, hata hivyo, una upungufu mmoja, na upungufu huo ndio kiini cha mazungumzo yetu. Bodi ya basi haiwezi kuendesha gari. Templeti inaweza. Watu hudhani ni rangi na mapambo, kumbe ni programu kamili, na ikishawekwa ndani ina uwezo ule ule wa injini yenyewe: kusoma majina na namba za simu za wateja wako, kutuma barua kwa jina lako, hata kumfungulia mtu asiyejulikana akaunti ya umeneja. Kwa hiyo anayeweka templeti asiyoijua asili yake amemkabidhi mgeni funguo za nyumba nzima.

Sina nia ya kuwasema vibaya wauzaji wote. Soko mashuhuri la templeti, ThemeForest, lilifunguliwa mwaka 2008 na kampuni ya Envato ya Melbourne, Australia, na limewasaidia wafanyabiashara wengi ambao wasingeweza kumlipa mchoraji aanze kazi kutoka sifuri. Lakini mnunuzi ananunua kwa macho. Anaonyeshwa maonyesho yenye picha zilizopigwa na wapiga picha wa kulipwa, na aghalabu picha hizo hazimo katika bei. Akiweka picha zake za simu, mgahawa uliokuwa uking'aa unageuka kuwa kitu kingine. Hali kadhalika maneno. Kitufe kilichopimwa kwa neno la Kiingereza lenye herufi nne hakiwezi kubeba "Weka nafasi ya chumba". Maneno yanamwagika nje kama magunia juu ya lori. Aidha, ili templeti moja imfae kinyozi, wakili na kanisa, muuzaji huijaza kila kitu, picha zinazoteleza, ramani, saa, duka zima ambalo hutalitumia kamwe. Mzigo wote huo anaubeba mteja wako wa Mbagala aliyenunua bando la mia tano, naye hangoji. Anafunga.

Hayo ni ya kuudhi tu. Ya hatari yamefichwa ndani.

Mwaka 2011 palitokea kisa cha programu ndogo iitwayo TimThumb. Kazi yake ilikuwa kupunguza ukubwa wa picha, na waundaji wengi wa templeti walikuwa wameiingiza katika kazi zao. Mwezi Agosti mwaka huo Mark Maunder, ambaye tovuti yake mwenyewe ilikuwa imeingiliwa, aligundua kwamba TimThumb inaweza kudanganywa ipokee faili la mvamizi badala ya picha. Wenye tovuti walioathirika hawakuwa wamesikia hata jina la TimThumb. Wao walinunua templeti.

Miaka mitatu baadaye likarudi lile lile kwa jina jingine. Slider Revolution, plagini ya kutelezesha picha, ilikutwa na tundu. Aliyeinunua moja kwa moja aliweza kupata toleo lililozibwa. Lakini maelfu walikuwa wameipata ndani ya templeti, kama zawadi, na leseni ilikuwa ya muuzaji wa templeti, si yao. Kwa hiyo tangazo la kurekebisha halikuwafikia. Ilibidi wamsubiri muuzaji naye atoe toleo jipya la templeti yake, akipenda. Desemba 2014 wavamizi wakalitumia tundu hilo kusambaza uchafu ulioitwa SoakSoak, na Google ikazifungia tovuti zaidi ya 11,000. Tafsiri yake kwa mwenye duka ni kwamba wateja wanaona onyo jekundu mlangoni kwake badala ya bidhaa.

Sasa tuje kwa kijana wetu wa Bagamoyo, ambaye hakununua chochote. Kuna watu kazi yao ni kuchukua templeti za kulipia, kuvunja kufuli la leseni, na kuzigawa bure. Jiulize, ndugu msikilizaji: mtu huyu anakesha kwa faida gani? Mwezi Novemba 2014 kampuni ya usalama ya Fox-IT ya Uholanzi ilitoa jibu moja. Ilieleza juu ya CryptoPHP, mlango wa uani uliopachikwa katika templeti na plagini za wizi. Ndani ya programu uliwekwa mstari mmoja tu wa kuita faili la picha liitwalo social.png. Fundi akiona jina hilo anapita, maana kila tovuti ina vipicha vya namna hiyo. Lakini halikuwa picha. Lilikuwa programu iliyojificha, ikisubiri amri kutoka mbali, na Fox-IT walihesabu zaidi ya anwani 23,000 za kompyuta zilizokuwa zikiripoti kwa mabwana zake. Kazi kubwa iliyofanya ilikuwa kupachika viungo vya siri ili kupandisha tovuti za watu wengine katika matokeo ya Google. Yaani sifa njema ya tovuti yako inakopeshwa kwa matapeli bila wewe kujua.

Mwaka 2019 kampuni ya Wordfence ikaeleza juu ya mwingine, WP-VCD, uliosambaa kwa njia hiyo hiyo ya templeti za wizi. Huyu haishii kwenye templeti aliyokuja nayo. Anaruka na kuingia katika templeti nyingine zilizomo, na katika tovuti nyingine zinazokaa kwenye seva hiyo hiyo. Ndiyo maana fundi mmoja mwenye wateja kumi anaweza kuwaambukiza wote kwa templeti moja.

Hapana budi niseme pia kwamba risiti peke yake si kinga. Mwaka 2021 wavamizi waliingia kwa AccessPress Themes, kampuni ya halali ya Nepal, wakachafua templeti 40 na plagini 53 zilizokuwa kwenye tovuti ya kampuni yenyewe. Aliyepakua pale kihalali alipata mlango wa uani pamoja na mali yake. Tofauti ni kwamba kampuni halali huweza kuambiwa, ikasafisha na kutoa toleo jipya. Mgawaji wa vya wizi utamwambia nani?

Liko jingine, la kuchakaa. Lugha ya kompyuta inayotumiwa na WordPress, iitwayo PHP, hubadilika. Toleo la 7 lilipotoka Desemba 2015 liliziacha amri za zamani za kuwasiliana na hazina ya data, na templeti zilizokuwa zikizitegemea zikafa. Kampuni inayokukodisha nafasi inabadilisha toleo usiku, asubuhi unakuta ukurasa mweupe. Unamtafuta muuzaji wa templeti. Msaada ulionunua ThemeForest ni wa miezi 6, nao umekwisha. Unaamua kuhamia templeti nyingine, na hapo unagundua kwamba maandishi yako ya miaka mitatu yamejaa mabano ya mraba na maneno yasiyoeleweka, kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa imeyafunga kwa alama zake yenyewe. Ni kama kuhama nyumba ukaambiwa fanicha imejengewa ukutani.

Mafundi wetu nao wana tabia moja inayozidisha tatizo. Mteja akitaka rangi ibadilishwe, fundi huchokonoa templeti yenyewe badala ya kuweka mabadiliko pembeni, katika templeti-mtoto. Toleo jipya likija litafuta kazi yake yote. Basi anafanyaje? Hasasishi. Anaiacha na matundu yake, almuradi mteja asilalamike. Wengine hununua leseni moja, ambayo kwa masharti ni ya tovuti moja, wakaivisha wateja wanane. Ukimwuliza leseni iko kwa jina la nani, anaanza kusafisha koo. Mwulize kabla hujamlipa, si baadaye. Na mwulize templeti hiyo ilisasishwa mara ya mwisho lini. Tarehe hiyo huandikwa pale pale inapouzwa, na ikiwa imepita miaka miwili, mshukuru na umwombe atafute nyingine.

Yule mama alimlipa fundi wa pili laki nne, zaidi ya alizotumia mwanzo. Kila kitu kilifutwa, maneno ya siri yakabadilishwa, maandishi yakarudishwa kwa mkono mmoja mmoja kutoka katika nakala zilizochapishwa, kwa sababu nakala za akiba zilikuwa nazo zimeambukizwa. Kazi ilichukua siku kumi na moja. Wageni waliopotea siku hizo hakuna anayeweza kuwahesabu.

Mpwa wake alikuja mwenyewe, akapiga magoti, akasema hakujua. Ni kweli, hakujua. Bado ndiye anayeitunza tovuti hiyo. Templeti ya sasa ni ya bure, iliyotengenezwa na WordPress wenyewe, haina picha zinazoteleza. Jina la tovuti limeandikishwa kwa jina la mama, na karatasi yenye maneno ya siri iko sandukuni, pamoja na hati ya kiwanja.